Mbeleko Isiyo Yangu

Wanangu waliamua kunishukuru. Hawakuniuliza. Waliunda kundi la WhatsApp, wakachagua mwenyekiti, katibu na mtu wa mapambo, wakabishana wiki tatu kuhusu rangi ya sare, na mimi mshukuriwa nikaja kuambiwa mwishoni kabisa, kama mgonjwa anavyoambiwa siku ya upasuaji. Mwenyekiti alikuwa binti yangu wa kwanza, anayekaa Dar es Salaam na anayezungumza na watu wote, mimi nikiwemo, kana kwamba tumechelewa kikao.

"Mama, tunakufanyia shukrani," aliniambia kwenye simu. "Wewe kazi yako ni kukaa tu upendeze."

Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na kitu. Sijawahi kupewa kazi ya kukaa nipendeze, na mwili niliobaki nao haujasomea fani hiyo. Lakini nikasema sawa, kwa sababu mtu wa Cheyo, mtaa wetu hapa Tabora, akikataa kufanyiwa sherehe na wanawe, majirani hawasemi ni mnyenyekevu. Wanasema kuna jambo.

Mtu asinielewe vibaya akadhani mimi ni bibi mwenye kinyongo nisiyependa furaha. Napenda furaha. Nisichopenda ni furaha yenye ratiba. Zamani mtoto akitaka kumshukuru mama yake alikuja msimu wa kilimo akashika jembe, au aliketi uani akapukuchua mahindi bila kutumwa, na mama akaelewa. Siku hizi shukrani isiyopigwa picha inahesabiwa kuwa haijatokea.

Na picha zilipigwa. Mpiga picha alinikuta jikoni napika kwenye jiko la gesi, akasikitika waziwazi. Akaomba tutoke uani, akapanga mafiga matatu, akaweka juu yake chungu ambacho mpaka leo sijui alikitoa wapi, akaniambia nipulize moto. Moto wenyewe haukuwepo. Alisema atauweka baadaye kwenye kompyuta. Basi nikainama na magoti yangu haya, nikapuliza majivu, ili wajukuu wangu wa Dar waone jinsi nilivyoteseka kuwalea wazazi wao. Ukweli ni kwamba wazazi wao walikula chakula cha jiko la mkaa, na siku mkaa ulipokosekana walikula mkate na chai ya jirani. Mateso yalikuwepo, ila hayakuwa ya kupendeza kiasi hicho.

Halafu likaja bango. Sura yangu ilikuwa kubwa kuliko mlango, ngozi imelainishwa mpaka nikafanana na mtu aliyekwisha kuoshwa kwa ajili ya kuzikwa, na chini yake kwa herufi kubwa: KUZAA SI KAZI, KAZI NI KULEA. ASANTE MAMA. Wanangu walisimama pembeni wakisubiri nitoe machozi. Nililitazama bango lile muda mrefu kuliko walivyotarajia, nikasema herufi zimebanana. Wakacheka, wakasema mama naye, ualimu hautamtoka.

MC waliyemwita alikuwa Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu mimi Mnyamwezi, tangu mababu zetu waliposhuka pwani na meno ya tembo mabegani. Alinipigia simu kujitambulisha. "Bibi, nyie wapagazi mmebeba sana," alisema. "Safari hii tulia ubebwe."

Nikamwambia, "Mtani, babu yangu alibeba mpaka pwani na akarudi kwa miguu yake. Wewe utabeba kipaza sauti jioni moja tu na utadai soda tatu."

Alicheka vizuri, na kwa kweli ndiye mtu pekee katika kamati yao niliyempenda. Lakini baada ya kukata simu nilimkumbuka babu. Alikuwa akisema kwamba msafara ulipoingia Tabora ngoma ilipigwa kwa ajili ya mwenye pembe, si mwenye bega. Alikuwa akilisema bila uchungu, huku anasokota tumbaku yake, kwa namna ambayo sisi watoto hatukuona kama kuna la kuuliza.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe alitangulia mjukuu wangu wa kike, mtoto wa mwenyekiti. Amemaliza chuo, anasubiri ajira, na katika kusubiri huko amegundua saikolojia. Aliniletea daftari lenye maua juu.

"Bibi, kila asubuhi unaandika mambo matatu unayoshukuru," alisema. "Inatuliza akili. Halafu machache MC atayasoma ukumbini."

Nikamwambia akili yangu ilikuwa imetulia mpaka walipoanza kuninunulia daftari. Lakini mtoto amesafiri kutoka Dar, na nimekuwa nikiwagawia watoto wa watu daftari maisha yangu yote, sikuweza kulikataa. Asubuhi ya kwanza niliandika: Nashukuru choo kiko ndani. Nashukuru jirani amehama na jogoo wake. Nashukuru daftari lenyewe si nene. Mjukuu alisoma, akashusha pumzi kama daktari aliyepewa mgonjwa mbishi.

"Bibi, andika watu. Watu waliokubebea maisha."

Hakujua alichokisema. Kesho yake niliandika mume wangu, aliyekuwa mtu wa reli na mtu mwema, Mungu amrehemu. Nikamwandika sista mmoja aliyenifundisha kusoma. La tatu nikaandika wifi. Nikalitazama neno hilo, nikalikata mstari kwa kalamu nyekundu, jinsi nilivyokuwa nikikata majibu ya watoto. Siku iliyofuata likaja tena, na siku iliyofuata tena, na kila siku nilikata. Mwisho ukurasa ule ulionekana kama mtihani wa mtoto aliyefeli.

Wifi yangu ni dada wa marehemu mume wangu, amemzidi miaka mitano au sita. Alikuwa mkulima wa tumbaku nje kidogo ya Urambo, na mpaka leo anaishi huko huko. Hakujaliwa mtoto, na mume wake alipochoka kungoja alioa kwingine. Binti yangu wa kwanza alipotimiza mwaka na kuacha ziwa, mimi nilipata nafasi chuo cha ualimu, na mume wangu reli ilikuwa ikimpeleka leo kituo hiki, kesho kile. Wifi akaja kumchukua mtoto. Hakusema mengi. Alimfunga mgongoni kwa mbeleko, kile kitambaa cha kubebea, akapanda treni.

Chuo kilikwisha baada ya miaka miwili. Nikapangiwa kijiji kimoja huko Igunga, ambako nyumba ya mwalimu ilikuwa chumba kimoja kinachovuja na maji tuligombea na ng'ombe. Nikasema mtoto nitamchukua mwakani. Mwakani ilipofika nikasema mwakani. Baadaye niliwaambia watu kwamba nilikuwa nalia kila siku kwa kumkosa mwanangu, na nikisema hivyo watu wazima waliinamisha vichwa kwa huruma. Sikuwa nalia kila siku. Nilikuwa kijana, nina mshahara, nina viatu vya kisigino, na nililala usiku kucha bila mtu wa kuniamsha. Niliumia kidogo sana kuliko nilivyokuja kudai.

Nilipokwenda Urambo hatimaye, mtoto alikuwa na miaka minne na nusu. Nilimkuta wifi kwenye bani, banda lile la kukaushia tumbaku, anafunga majani kwenye fito. Mtoto alikuwa mgongoni kwake. Alikuwa mkubwa mno kubebwa, miguu inaning'inia karibu na magoti ya wifi, lakini alikuwa na homa siku hizo na hakutaka kushuka. Alinichungulia begani, akamnong'oneza wifi sikioni, kwa ule mnong'ono wa watoto ambao kijiji kizima kinausikia.

"Mama, mgeni amekuja."

Mtu mwenye haki angejilaumu mwenyewe. Mimi nilimchukia wifi pale pale, akiwa bado hajanikaribisha maji. Nilimfungua mtoto mgongoni mwake kwa mikono yangu, na wifi alisimama wima bila kunisaidia wala kunizuia, mbeleko ikamwangukia miguuni. Treni ilipoondoka Urambo mtoto alianza kulia, na alilia mpaka Tabora. Kila alipoita mama nilimwambia mama ndiye mimi, yule ni shangazi. Nilimfundisha hivyo kama nilivyofundisha jedwali la kuzidisha, kwa kurudiarudia, na kwa fimbo ndogo pale somo lilipogoma. Mimi ni mwalimu mzuri. Haukupita mwaka alikuwa amesahau.

Alipokuwa msichana aliwahi kuniuliza mbona harufu ya tumbaku mbichi inamtia huzuni. Nikamwambia uliwahi kukaa kwa shangazi yako miezi michache ulipokuwa unaumwa. Mume wangu alikuwa kitini anasikia. Nimesema alikuwa mtu mwema, na watu wema wana ugonjwa huo wa kunyamaza.

Wifi naye alinyamaza. Alikuja Tabora kwenye misiba na ubatizo, akaitwa shangazi, akaitika. Kila mwaka baada ya mavuno lilifika kwangu gunia la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa, na wanangu wote walikua wakivitafuna wakienda shule. Sikuwahi kumpelekea hata salamu za kusema gunia limefika. Ningekuwa nimepelekewa taka ningetuma ujumbe wa kulalamika siku hiyo hiyo.

Hayo yote ni ya kawaida, kila familia ina lake. Ninalotaka kulisema hasa ni lile la siku ya mahari.

Wazee wa upande wa mchumba wa binti yangu walipokuja Cheyo kutoa mahari, walileta pamoja na mengine vile vitu vya heshima ambavyo wazee wetu hawasamehe: blanketi la babu, shuka la bibi, mkaja na mbeleko. Mkaja ni wa tumbo lililozaa. Mbeleko ni ya mgongo uliobeba. Mara nyingi tumbo na mgongo ni vya mwanamke mmoja, ndiyo maana vijana wa leo hawajui hata kama ni vitu viwili. Lakini mtoto akiwa amelelewa na mwingine, mbeleko ni ya huyo mwingine, na kumnyima ni kumwambia mbele ya watu kwamba hakufanya kitu.

Mkaja niliitwa nikapokea, wanawake wakapiga vigelegele. Kisha mshenga akakunjua kitenge kipya kizito, akakiinua juu.

"Mgongo uliombeba huyu binti uko wapi? Uje upokee."

Wifi alikuwa amekaa kwenye mkeka upande wa ukutani. Alikuwa amekuja na kilemba kipya, na mikono amejipaka mafuta mpaka viwiko. Niliona anaweka kiganja chini ili ajiinue. Mimi nilikuwa na magoti mazima siku hizo. Nilisimama kwanza.

Waliojua walitazama sakafu, wasiojua walipiga vigelegele. Nilipogeuka na mbeleko mikononi nilimwona wifi na kile kiganja chake bado kipo chini. Akakitumia kunyoosha pindo la mkeka, kana kwamba ndicho alichokuwa amekusudia tangu mwanzo. Kitenge chenyewe sikukivaa hata mara moja. Mwaka huo huo nilikigawa kwa mtu wa mbali, sikutaka kukiona.

Sasa turudi kwenye shukrani zangu. Baada ya kulikata lile neno siku ya nne au ya tano, nilimpigia simu mwenyekiti nikamuuliza kama shangazi wa Urambo amealikwa.

"Mama, shangazi amezeeka mno, na macho yenyewe hayaoni. Atafuata nini huku? Tutamtumia keki."

Nikakata simu, nikaanza kuwadharau, kazi ninayoijua kuliko zote. Nikawasema kimoyomoyo mmoja mmoja. Watoto gani hawa, wana nafasi ya kuwaalika watu wa benki na mke wa mtu wa benki, na dada wa baba yao mzazi wanampelekea keki kwenye basi. Hana hata meno ya kutafunia sukari ile. Wamekosa adabu, wamekosa utu, nani aliwafundisha hivi. Nilipofika hapo kwenye nani aliwafundisha, nililazimika kukaa kitandani.

Jumatatu ya wiki ya sherehe nilipanda basi la asubuhi kwenda Urambo. Nilimwambia mjukuu nakwenda kuonana na mwalimu mwenzangu mstaafu. Wifi alikuwa barazani kwake anachambua choroko kwa kupapasa, macho yamefunga ukungu mweupe.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Ni mwalimu huyo. Nimeijua miguu, unatembea kama mtu anayekuja kukagua."

Nilikaa. Nilikuwa nimepanga maneno kutoka Tabora, yakanitoka vibaya. "Nimekuja kukushukuru, wifi."

"Kwa lipi?"

"Kwa mtoto."

Aliendelea kuchambua. Kijiwe kidogo alikitupa uani, kuku wakakikimbilia wakaona si kitu. "Miaka yote hii," alisema, "na umekumbuka wiki ya sherehe yako."

"Na ile mbeleko. Nilisimama mimi. Haikuwa yangu."

"Najua haikuwa yako. Nilikuwepo."

Wifi akasukuma ungo pembeni.

"Sasa hizo shukrani zako mimi nizipeleke wapi? Kazi niliyofanya naijua, niliifanya mwenyewe. Asiyeijua ni mtoto. Siku nikifa atakuja na wageni wa mbali, atakaa nao, atakula wali, atawahi basi. Mwambie. Kama hutaweza kumwambia, basi umenipotezea asubuhi yangu bure."

Nikamwambia akijua huenda asinisamehe, na mimi umri wangu huu sina muda wa kungoja asahau.

"Huenda," alisema wifi. "Mimi nilikuachia umchukue nikijua atanisahau. Nilikuwa na miaka mingapi mbele yangu ya kuishi na hilo?"

Alinipa ugali na mlenda, akanisindikiza mpaka njiani akiwa ameshika mkono wangu, na mtu aliyetuona angesema wale bibi wawili wanapendana. Sijui tungeitwaje. Kwenye basi la kurudi nilifikiria njia zote za kutokusema, na zilikuwa nyingi.

Binti yangu aliwasili Alhamisi na masanduku matatu ya mapambo. Nilimkuta jikoni anapanga nani akae meza ipi. Nikamwambia azime simu. Aliilaza kifudifudi, ambayo kwake ni heshima kubwa, nikamwambia yote nikiwa nimesimama: chuo, Igunga, ile mwakani na mwakani, treni, fimbo, siku ya mahari. Sikujitetea. Hiyo ndiyo sifa pekee nitakayojipa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, si ile ya kikao.

"Nilikaa kwake muda gani?"

"Miaka mitatu na nusu."

"Si miezi."

"Si miezi."

"Nilikuwa namwitaje?"

"Mama."

"Na wewe ulipokuja?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Nina umri unaoniruhusu. "Mgeni," nikamwambia.

Alikunja ile karatasi yake ya meza mara mbili, mara nne, mpaka ikawa haikunjiki, akaenda chumbani. Kesho yake asubuhi alimkabidhi mdogo wake wa kiume, ninayeishi naye, mambo yote ya ukumbi, akachukua begi dogo, akapita mlangoni kwangu. "Shikamoo mama," alisema, kwa adabu kamili, na adabu ile ndiyo iliyonitisha. Akaenda kupanda basi la Urambo.

Jumamosi nilivishwa gauni la rangi ya dhahabu iliyochujuka, nikaingizwa ukumbini kwa matarumbeta kama mbunge. Lile bango lilikuwa nyuma ya kiti changu na maneno yake yote. Keki ilikuwa na ghorofa tano na sura yangu juu yake, ili watu wanile. Watu walikuja wakicheza kwa mistari, wa ukoo, wa jumuiya ya kanisani, wa kazini kwa wanangu, wakanimwagia vitenge mabegani mpaka nikashindwa kugeuza shingo. Mcheza kwao hutunzwa, lakini mimi sikuwa nimecheza. Nilikuwa natazama mlango.

Simu ililia kwenye mkoba wangu saa tisa alasiri. Nikaipokea chini ya vitenge; alikuwa binti yangu.

"Uko wapi?" nikamuuliza. "Watu wameshakaa."

"Niko kwa mama," alisema.

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ningemjibu, maana ukali naujua. Alilisema jinsi mtu anavyotaja mahali alipo. Niliumia mahali ambapo sikujua kama bado panaumia, na nilijua pia kwamba sina wa kumlalamikia.

"Msalimie," nikamwambia.

Wakati huo huo mtani wangu alikuwa ameshika kipaza sauti. "Tunamwomba mwenyekiti wa kamati, kifungua mimba wa mama, apite mbele amlishe mama keki. Yuko wapi? Bibi, mwanao umemficha wapi?"

"Yuko kwa mama yake," nikasema.

Ukumbi mzima ukacheka. MC akapiga magoti mbele yangu, akanipepea kwa kofia yake. "Wapagazi jamani, mzigo umempanda kichwani. Bibi, mama yake si ndiye wewe?"

Wakacheka zaidi, kwa upendo, jinsi watu wanavyomcheka mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. Na nitasema kweli, mlango ulikuwa wazi. Ningecheka nao, ningekula keki, wangesema bibi ana vituko, na siku ingekwisha. Lakini wifi nilimnyang'anya mbele ya watu, na baadhi ya watu hao walikuwa bado hai, wamekaa meza ya tatu wakisubiri kuku. Nikamwambia MC alete hicho kipaza sauti.

"Sijachanganyikiwa," nikawaambia. "Mwanangu wa kwanza nilimzaa mimi, akabebwa na wifi yangu wa Urambo miaka mitatu na nusu. Siku ya mahari palipoulizwa mgongo uliombeba, nilisimama mimi, na mwenye mgongo alikuwa amekaa kwenye mkeka. Nyinyi wa meza ya tatu mlikuwepo, mkatazama chini. Na mimi nimeshukuriwa leo kwa kazi ya mtu mwingine. Sasa mnaweza kula."

Mtani wangu, ambaye ana neno kwa kila jambo, alivaa kofia yake, akaivua tena. Mjukuu wangu wa saikolojia alilia mpaka wanja likamtiririka, nikamwambia aache, sijafa. Mtu wa muziki aliweka wimbo wa polepole kwa sababu hakujua aweke upi, na chakula kikaanza kugawiwa. Keki ililiwa ikaisha. Watu wa Tabora hawairudishi keki ilikotoka kwa sababu ya aibu ya mtu mwingine.

Binti yangu alikaa Urambo siku nne. Akarudi Dar kwa kupitia stendi tu, Cheyo hakufika. Nasikia amemtafutia wifi daktari wa macho na atampeleka mwenyewe. Sasa ni wiki ya tatu hajanipigia simu. Humpigia mdogo wake kila jioni, wanaongea mambo yao, na kabla hajakata anauliza kama nimekula. Mdogo wake huniangalia, simu ikiwa sikioni, akisubiri nimpe jibu la kumpelekea.

Nimekula. Amwambie nimekula.